Kabla Baba Hajakata Mtutu

Mama mpendwa unayeishi Marekani, je, baba watoto ana bunduki ya marisau ya kulinda nyumba, naye anataka kuufupisha mtutu wake? Mzuie kwanza! Sheria ya mwaka 1934 yadai bunduki hiyo iandikishwe kwa serikali kuu ikiwa mtutu ni chini ya inchi 18 (sentimeta 46 hivi), au urefu wote ni chini ya inchi 26. Kibali, pamoja na picha na alama za vidole, hutangulia msumeno. Kodi ya dola 200 iliondolewa Januari 2026, lakini kuandikisha kumebaki. Majimbo mengine hukataza kabisa. Adhabu yaweza kufika miaka 10 gerezani. Watoto watalelewa na nani? Nami muuguzi naongeza: ifungieni bunduki, risasi ziwe mbali nayo. Mkono wa mtoto haujui sheria.