Kuelekea Mwisho: Misemo ya Kiingereza ya Ukomo na Tafsiri Yake katika Kiswahili

1. Utangulizi

Mji wa Timau uko kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya, kando ya barabara itokayo Nanyuki kwenda Meru. Nchi inayouzunguka ni ya mashamba makubwa ya ngano na ya maua, pamoja na ya wakulima wadogo. Katika mahali kama hapo kila lugha ina zamu yake: Kimeru ni lugha ya nyumbani kwa wengi, Kiswahili huwaunganisha Wameru na Wagikuyu na wengine waliofuata kazi, na Kiingereza ni lugha ya maandishi ya ofisini. Tangazo la kazi au la malipo huweza kutungwa kwanza kwa Kiingereza, kisha likatiwa katika Kiswahili ili kibarua alisome langoni.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya pamoja na Kiingereza, wala si lugha ya taifa tu. Hivyo tafsiri ya tangazo la namna hii si jambo dogo. Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza fungu moja la misemo ambalo huwatatiza wafasiri, nalo ni misemo ya Kiingereza inayoeleza jinsi jambo linavyoendea mwisho wake. Itaonyeshwa kwamba Kiingereza hulisafirisha jambo hadi mwisho ulio mbele yake, ilhali Kiswahili kina kitenzi ambacho ndani yake mna mwendo huo tayari. Mfasiri asiyetambua tofauti hiyo huweza kubadili maana bila kukusudia.

2. Mwendo katika misemo ya Kiingereza

Mwaka 1957 mwanafalsafa Zeno Vendler aligawa vitenzi vya Kiingereza katika makundi manne kwa kufuata jinsi vinavyochukua wakati. Kundi mojawapo ni la vitenzi vya tukio la mara moja, kama vile kufika kileleni au kushinda mashindano. Kumalizika kwa jambo hukaribiana sana na kundi hilo, kwa kuwa mkutano haumaliziki kwa saa nzima bali kwa nukta moja. Ili kueleza kipindi kinachoitangulia nukta hiyo, Kiingereza hupenda kuazima kitenzi cha mwendo. Mkutano husemwa kuwa unasogea kwenye ufungaji, ‘draw to a close’. Msimu huja kwenye mwisho, ‘come to an end’. Kazi hulegea kama mtambo unaoishiwa nguvu, ‘wind down’.

Hata hivyo, si kila kitu husafiri kwa njia hiyo moja. Vitu vinavyopungua kwa kutumiwa, kama unga, mafuta na fedha, vina msemo wao, ‘run out’, ambao hautumiki kwa mkutano wala kwa hotuba. Kwa hiyo Kiingereza hutenganisha kitu chenye kiasi na jambo lenye urefu wa wakati.

3. Kitenzi kwisha na wenzake

Kiswahili hakitenganishi hivyo. Unga unakwisha, mwezi unakwisha, hotuba inakwisha, na njia nayo hukwisha. Kitenzi ni kile kile, na kiambishi cha wakati ndicho kinachopambanua hali: ‘unakwisha’ huonyesha kupungua au kukaribia, na ‘umekwisha’ huonyesha kwamba hakuna kilichosalia. Nomino ‘mwisho’ nayo imetokana na kitenzi hicho hicho. Kwa sababu hiyo, ‘msimu unakuja kwenye mwisho’ ni sentensi inayorudia kwa maneno manne jambo ambalo ‘msimu unakwisha’ imelimaliza kwa mawili.

Hii haina maana kwamba Kiswahili hakijui mwendo. Siku huyoyoma, mwaka hukatika, shughuli hufika ukingoni. Vitenzi ‘kuelekea’ na ‘kukaribia’ hutumika sana, lakini vina kanuni ambayo wafasiri hawaizingatii. Vikifuatwa na kitenzi, huchukua kila kitu: ‘msimu unaelekea kwisha’ na ‘unga unaelekea kwisha’ zote mbili ni sahihi. Vikifuatwa na nomino ‘mwisho’, huchagua. ‘Msimu unaelekea mwisho’ hukubalika, kwa kuwa msimu una urefu na mtu huweza kuuwazia kama njia. ‘Unga unaelekea mwisho’ huchukiza sikio, kwa kuwa unga una kiasi tu. Tofauti ambayo Kiingereza huionyesha kwa kubadili msemo mzima, Kiswahili huionyesha katika kijalizo cha kitenzi.

Kauli ya kutendea huongeza jambo jingine. Barabara ‘inayoishia’ Timau haielekei mwisho wowote. Timau ndipo mahali pa mwisho wake. Kauli hii hutaja mahali jambo linapokomea, na haifai kutumiwa kueleza kukaribia.

4. Ugumu wa matangazo

Matatizo makubwa hutokea pale ambapo msemo wa mwisho unafunga haki ya mtu. Misemo mitatu itatosha kuwa mfano.

Msemo wa kwanza ni ‘by the end of the month’, ambao huweka mpaka usiopaswa kuvukwa. Mara nyingine hutafsiriwa kwa ‘hadi’: ‘Mishahara italipwa hadi mwisho wa mwezi.’ Lakini ‘hadi’, kama ‘mpaka’, huonyesha tendo linaloendelea na kukoma hapo. Msomaji makini ataelewa kwamba malipo yataendelea kutolewa kwa siku kadhaa na kwamba mwezi ukiisha yatafungwa. Maana iliyokusudiwa ingelindwa kwa kusema ‘mishahara italipwa kabla ya mwezi kwisha’.

Msemo wa pili ni ‘towards the end of the month’. Tafsiri ya ‘kuelekea mwisho wa mwezi’ hutaja upande tu, wala haisemi upande huo unaanzia wapi. ‘Mwishoni mwa mwezi’ ni bora, kwa kuwa ‘mwa’ ni kiunganifu cha mahali pa ndani: mwisho huonekana kuwa kipindi chenye nafasi ndani yake, si nukta. Panapotakiwa usahihi zaidi, Kiswahili kina hazina yake ya kale. Kalenda ya jadi ya pwani, ile ya mwaka wa Nairuzi unaosherehekewa Makunduchi, Unguja, huhesabu siku kwa miongo, yaani kumi kumi, na Waislamu hadi leo hutaja kumi la mwisho la Ramadhani. Tangazo lisemalo ‘katika kumi la mwisho la mwezi’ humpa msomaji tarehe 21 kuwa mwanzo, na halimwachi akikisia.

Msemo wa tatu ni ‘at the end of the day’, ambao katika Kiingereza cha mazungumzo hauhusiani na jioni bali una maana ya ‘hatimaye’ au ‘baada ya yote kuzingatiwa’. Umeingia katika Kiswahili kwa umbo la ‘mwisho wa siku’, na sasa husikika redioni na mikutanoni. Chukuliwe mfano wa msimamizi anayewaambia vibarua wa Timau, ‘mwisho wa siku kila mtu atapata haki yake.’ Yeye ametoa ahadi isiyo na tarehe. Kibarua anayelipwa kutwa, ambaye kwake siku hukwisha jua linapotua, amesikia kwamba jioni hiyo atapokea fedha. Wote wawili wametumia Kiswahili, na kila mmoja ana sababu ya kumwona mwenzake kuwa mwongo.

5. Hitimisho

Imeonekana kwamba misemo ya Kiingereza ya kuendea mwisho haina budi kufasiriwa kwa kuuliza kwanza maswali mawili: je, kinachokwisha kina urefu au kina kiasi, na je, msemo unataja mpaka, kipindi au nukta? Majibu ya maswali hayo huelekeza kwenye ‘kwisha’, ‘kuelekea kwisha’, ‘mwishoni mwa’ au ‘kabla ya kwisha’, kila kimoja mahali pake.

Walimu wa tafsiri wangefanya vema kuifundisha misemo hii kwa kutumia matangazo na mikataba ya kawaida pamoja na kazi za fasihi. Katika fasihi, tafsiri mbaya ya mwisho hupunguza ladha ya kitabu. Katika tangazo la malipo, humfanya mtu asubiri langoni siku ambayo si yake.