Unahariri Wikipedia kwa simu? Jua namna ya kushuka mstari bila kuvuruga ukurasa

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024. Kipande hicho kina stesheni sita, na mojawapo ni Ngerengere. Sasa tuseme unataka kuziweka stesheni hizo kwenye ukurasa wa Ngerengere katika Wikipedia ya Kiswahili. Unafungua simu, unabonyeza alama ya penseli, unaandika jina moja kila mstari:

Dar es Salaam
Pugu
Soga
Ruvu
Ngerengere
Morogoro

Unahifadhi. Ukirudi kuusoma ukurasa, unakuta hivi: Dar es Salaam Pugu Soga Ruvu Ngerengere Morogoro.

Kila kitu kimeungana. Msomaji asiyeijua njia hiyo atahesabu stesheni ngapi hapo? Anaweza kudhani kuna sehemu inaitwa "Soga Ruvu". Hujaandika uongo wowote, ila ukurasa wenyewe unapotosha.

Kwa nini enta moja haitoshi?

Wikipedia inatumia programu inayoitwa MediaWiki. Ukihariri chanzo cha ukurasa, programu hiyo huichukulia enta moja kama nafasi tu kati ya maneno mawili. Siyo kama WhatsApp, ambako ukibonyeza enta mstari unashuka palepale.

Kwa hiyo unatakiwa uiambie kwa alama kwamba hapa nataka kushuka. Na hapo ndipo wahariri wanapoanza kupishana, kwa sababu alama ipo moja lakini watu wanaiandika kwa namna nyingi.

Sura tatu za alama moja

Ukipekua kurasa mbalimbali utakutana na hizi:





</br>

Mbili za kwanza ni sahihi. Tofauti yake imetokana na historia. Mwaka 2000 ilitoka sanifu ya kuandika kurasa za intaneti iliyoitwa XHTML, na ilidai kila alama ifungwe. Ndipo ukaongezwa mkwaju, ikawa 
. Baadaye ikaja HTML5, ambayo haina masharti hayo. Ukiweka mkwaju sawa, usipoweka sawa. Aliyejifunza zamani kidogo ana mkono wa 
, na aliyejifunza juzi ana mkono wa 
.

Hiyo ya tatu, yenye mkwaju mbele, ni kosa. Mkwaju ukiwa mbele maana yake ni "funga", na hapa hakuna kilichofunguliwa. Vivinjari huisamehe na mstari unashuka kama kawaida, ndiyo maana watu wengi hawajui kwamba wamekosea. Ukiikuta, irekebishe.

Kama zote zinashusha mstari, tatizo liko wapi?

Tatizo halimgusi sana msomaji wa kawaida. Linawagusa wanaoutunza ukurasa.

Kwanza, historia ya ukurasa. Kila badiliko katika Wikipedia linahifadhiwa, na wahariri wengine hulikagua. Mtu akipita akageuza 
 ishirini kuwa 
, mistari yote hiyo itaonekana imebadilishwa, ingawa msomaji haoni tofauti yoyote. Sasa, katika badiliko hilohilo, kama mtu ameigusa na namba ya idadi ya wakazi, nani ataiona? Imejificha katikati ya makelele. Kwa ukurasa mdogo wa kata, ambao unaweza kukaa muda mrefu bila mtu kuupitia, namba mbovu inaweza kudumu.

Pili, kutafuta na kusahihisha. Anayetaka kurekebisha kurasa nyingi kwa mpigo hutumia programu zinazotafuta maandishi. Ikitafutwa 
 pekee, zilizoandikwa 
 zitaachwa.

Tatu, zana za kuhariri. Baadhi ya zana zinazopaka rangi kwenye chanzo huiona 
 kama alama ambayo haijafungwa, na rangi inavurugika kuanzia hapo kwenda chini. Hiyo ni sababu mojawapo ya baadhi ya wahariri kuipenda 
.

Nne, wageni hujifunza kwa kuiga. Akikuta sura tatu kwenye ukurasa mmoja, hajui ashike ipi.

Basi tushike ipi?

Jibu fupi: ile iliyokwisha kutumika kwenye ukurasa huo. Kama ukurasa mzima una 
, endelea na 
. Kama una 
, fuata hiyo. Kama ni ukurasa mpya, chagua moja uende nayo mpaka mwisho.

Mwongozo wa mtindo wa Wikipedia ya Kiingereza una kanuni ya aina hii: mitindo miwili ikiwa yote inakubalika, usiubadilishe mmoja kwenda mwingine bila sababu ya msingi. Kanuni hiyo inaepusha ugomvi wa leo nageuza mimi, kesho unarudisha wewe, wakati habari yenyewe ya ukurasa haijaongezeka hata sentensi moja.

Mara nyingi huihitaji kabisa

Hapa ndipo wengi wanapoteleza. Kabla ya kuweka 
, jiulize unataka kufanya nini.

Unataka kuanza aya mpya? Ruka mstari mmoja mtupu, basi. Kwa mfano, aya ya kwanza inaeleza kata ya Ngerengere. Ya pili inaeleza Mto Ngerengere, unaoanzia Milima ya Uluguru, kulisha Bwawa la Mindu na kwenda kuungana na Mto Ruvu. Kati ya aya hizo acha mstari mtupu. Usiweke 

.

Unataka orodha? Tumia kinyota mwanzoni mwa kila mstari:

* Pugu
* Soga
* Ruvu

Hii ndiyo dawa ya zile stesheni zetu. Tena ina faida kubwa kwa wasioona, wanaotumia simu zinazosoma maandishi kwa sauti. Ukitumia kinyota, simu inaweza kumwambia kwamba hii ni orodha na ina vitu sita. Ukitumia 
, anasomewa majina tu bila kujua orodha inaanzia wapi wala kuishia wapi. Ila usiache mstari mtupu kati ya kinyota na kinyota, maana orodha moja itakatwa kuwa orodha nyingi za kitu kimoja kimoja.

Unaandika shairi? Liweke kati ya <poem> na </poem>. Humo ndani enta moja inashusha mstari yenyewe.

Basi 
 inabaki na kazi chache: anwani, au majina mawili ndani ya chumba kimoja cha jedwali.

Usishushe mstari ili ukurasa upendeze

Wapo wanaoweka 
 katikati ya sentensi ili mistari ilingane kwenye kioo cha kompyuta. Ukifungua ukurasa huo kwenye simu, sentensi zinakatika ovyo: mstari mmoja mrefu, unaofuata una maneno mawili. Kioo cha simu kinajua chenyewe pa kukunja maneno. Kiachie kazi hiyo.

Vilevile usianze mstari kwa nafasi tupu. MediaWiki itayaweka maneno hayo kwenye kisanduku.

Kabla ya kuhifadhi

Angalia hakikisho la mabadiliko. Kama alama za < na > zinakusumbua kwenye kibodi ya simu, nakili alama iliyopo tayari kwenye ukurasa uibandike unapotaka. Kwa njia hiyo unakuwa umefuata mtindo wa ukurasa bila hata kufikiria.

Kisha kwenye muhtasari andika ulichofanya, kwa mfano "nimeweka orodha ya stesheni za SGR". Anayekagua baada yako ataelewa mara moja, na muda wake atautumia kuhakiki kama stesheni ni sita kweli.