Kiendesha Diski cha Commodore 1541 Kinapogoma Kusoma

Tanzania ilipopiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, mashine za nyumbani kama Commodore 64 ya mwaka 1982 hazikupata nafasi ya kuenea, hivyo fundi wa Chanika anayeletewa kiendesha diski cha mashine hiyo, 1541, kinachohifadhi takribani kilobaiti 170 kwenye upande mmoja wa diski laini, ana kitu adimu mkononi. Kichwa cha kusomea, ambacho hugusa diski moja kwa moja, kisafishwe kwanza kwa pamba yenye spiriti, kisha ijaribiwe diski isiyo na ukungu. Kisiposoma bado, huenda kichwa kimehama mahali pake, kwani kila kinapokosea kusoma hugongeshwa kwenye kizuizi, udhaifu mkubwa wa usanifu. Kabla ya kufungua kifuniko, plagi ichomolewe, kwa kuwa transfoma imo ndani.