Kaseti ya Ndoa na Faili Ndogo

Mama mmoja wa kikundi chetu hapa Kamina alipeleka kaseti ya ndoa yake ihamishwe kwenye fleshi. Marehemu bwana yake anacheza humo. Sauti yake haipo mahali pengine. Alipewa faili ndogo ya kutuma kwa WhatsApp: nyuso kama uji, na mkono ukiinuka unachanika mistari. Heri alidai kaseti yake irudi. (Dai yako pia!)

Ukienda kwa fundi, mwambie achukue picha kwa ukubwa wa 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde. Asiikuze kuwa HD. VHS haina zaidi ya hapo. Kila picha ni nusu mbili zilizofumwa kama mkeka, ndiyo ile michaniko. Azifumue kwa programu apate picha 50 kwa sekunde, mwendo utabaki laini. Kwa kodeki ya H.264, megabiti 5 kwa sekunde zinatosha: saa moja ni kama gigabaiti 2 na robo. Nakala ya WhatsApp itoke kwenye hiyo kubwa.

Rangi zikikosekana, usilie bado. Televisheni ya Zaire ilitumia SECAM. Kaseti ya SECAM kwenye mashine ya PAL huonekana nyeusi na nyeupe. Tafuta mashine inayoijua.

Tena kaseti ya saa tatu huhamishwa kwa saa tatu kamili, na umeme wetu mnaujua. Yule mama amekwenda kwa fundi mwingine mwenye jenereta. Safari hii alikaa kando yake mpaka mwisho.