Daftari la ushirika lililo kwenye kompyuta nalo linahitaji kufuli

WAHENGA walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika vyama vingi vya msingi vya ushirika, daftari hilo siku hizi si la karatasi tena. Limo ndani ya kompyuta moja iliyo juu ya meza ya mhasibu.

Humo kuna majina ya wanachama, kilo ambazo kila mmoja amepeleka ghalani, madeni ya pembejeo na namba za akaunti za benki za kulipia wakulima. Ghala lina kufuli na mlinzi wa usiku. Kompyuta, kwa upande wake, mara nyingi hufunguliwa kwa neno la siri moja ambalo ofisi nzima inalijua.

Hatari yake si ndogo. Kumbukumbu hizo zikipotea katikati ya msimu wa korosho, mzigo utakuwepo ghalani lakini haitajulikani nani anadai kiasi gani. Namba ya akaunti ikibadilishwa na mtu mwenye nia mbaya, jasho la mkulima la mwaka mzima linaishia mfukoni mwa mwingine.

Yaliyowakuta wakulima wa Iowa

Septemba 2021, NEW Cooperative, chama cha ushirika cha wakulima katika jimbo la Iowa, Marekani, kilivamiwa na wahalifu wa mtandao. Wahalifu hao walidai dola milioni 5.9 za Marekani. Chama kililazimika kuzima mifumo yake ya kompyuta na kutafuta njia nyingine za kupokea nafaka na kusambaza chakula cha mifugo, huku mavuno yakiwa yamewadia. Miezi michache kabla ya hapo, kampuni ya nyama ya JBS ililipa dola milioni 11 baada ya kushambuliwa kwa namna hiyo.

Chama kidogo cha Newala au Tandahimba kinaweza kudhani hakina cha kuibiwa. Lakini virusi vya kompyuta havichagui mkubwa wala mdogo. Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150 na kufunga mafaili ya watu. Kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa marekebisho ya kuziba tundu hilo tangu Machi mwaka huo. Wengi walioumia hawakuwa wameyaweka.

Kinga isiyo na gharama kubwa

Jambo la kwanza ni nakala. Kila jioni ya siku ya kupokea mazao, kumbukumbu zinakiliwe kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomolewe na kuhifadhiwa mbali na ofisi. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitaila pamoja na kompyuta. Ikiachwa kwenye droo ya meza hiyo hiyo, mwizi au moto utaondoka na vyote viwili. Mara moja kwa mwezi nakala ifunguliwe kuona kama inasomeka.

Pili, kila mtumishi awe na neno lake la siri. Refu ni bora kuliko gumu: maneno manne yasiyohusiana hukumbukwa kirahisi na hubuniwa kwa shida. Mtumishi akiacha kazi, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Tatu, kompyuta iruhusiwe kupokea marekebisho ya programu, na flashi zinazotoka kwenye vibanda vya kuchapia zisichomekwe kabla ya kukaguliwa.

Nne ni malipo. Karibu kila mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa "ile pesa itume kwenye namba hii". Kwa vyama, utapeli huo huja kama barua pepe ya mnunuzi au msambazaji wa mbolea inayosema akaunti yake imebadilika. Dawa yake ni kumpigia kwa namba iliyokuwa kwenye daftari tangu zamani, siyo ile iliyoandikwa kwenye ujumbe. Mabadiliko ya akaunti yaidhinishwe na watu wawili. Nchini Tanzania, namba ya simu ya tapeli inaweza kuripotiwa kwa kuituma kwenda 15040.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo orodha ya wanachama si karatasi ya kugawa kwa kila anayeiomba.

Mwanachama naye ana sehemu yake. Atunze stakabadhi ya kila mzigo, kwani ndiyo ushahidi wake mfumo ukianguka. Na kwenye mkutano mkuu, baada ya kusomewa mapato na matumizi, aulize: nakala ya daftari letu iko wapi, na ni nani aliyeifungua mara ya mwisho?