MCHANGANYIKO WA PETROLI NA HEWA KATIKA INJINI YA PIKIPIKI: NAMNA YA KUUTAMBUA NA KUUSAWAZISHA

Mkulima apelekaye mazao yake sokoni kwa pikipiki, imempasa kuijua injini yake kama ajuavyo udongo wa shamba lake. Injini ikinywa petroli kupita kiasi, faida ya kabichi huishia njiani. Ikikosa petroli ya kutosha, hupata moto mwingi, pistoni huweza kuharibika, na gharama ya matengenezo ikamaliza fedha ya mavuno. Maelezo haya ni ya pikipiki yenye kabureta, ambayo petroli yake haichanganywi na oili. Pikipiki ambayo petroli yake hupulizwa kwa mtambo wa umeme haina kabureta; hiyo na ipelekwe kwa fundi.

1. Kazi ya kabureta. Petroli haiungui bila hewa. Kwa uzito, sehemu 1 ya petroli yahitaji sehemu 14.7 hivi za hewa ili iungue yote. Petroli ikizidi, twasema mchanganyiko ni mzito. Hewa ikizidi, ni mwepesi.

2. Dalili. Mchanganyiko ukiwa mzito, utaona moshi mweusi na kunusa petroli mbichi. Injini huenda vema ingali baridi, kisha huzongwa ipatapo moto. Ukiwa mwepesi, injini husita unapovuta mafuta, hupata joto kupita desturi, na bomba la moshi hulipuka-lipuka unapoachia mafuta mteremkoni. Moshi wa rangi ya buluu ni wa oili inayoungua. Hapo kabureta haina kosa.

3. Plagi ni shahidi. Endesha kilomita chache kwa mwendo wako wa kawaida, kisha zima injini mara moja, bila kuiacha ingurume imesimama. Ngoja ipoe, ndipo ufungue plagi. Ikiwa ya rangi ya kahawia, mchanganyiko ni sawa. Ikiwa na masizi meusi makavu, ni mzito. Ikiwa nyeupe, ni mwepesi. Ikiwa nyeusi na imelowa oili, huenda ringi za pistoni zimelika, mwone fundi.

4. Mambo ya kutazama kwanza. Usishike bisibisi kabla ya kukagua haya:

(a) Chujio la hewa. Likijaa vumbi huzuia hewa, na mchanganyiko huwa mzito. La sifongo huoshwa kwa maji ya sabuni, hukaushwa, kisha hutiwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi lisioshwe. Likichafuka sana, libadilishwe.

(b) Choki. Hakikisha imeachiwa kabisa injini ipatapo moto.

(c) Mpira uunganishao kabureta na injini. Ukipasuka huingiza hewa ya wizi, na mchanganyiko huwa mwepesi.

(d) Bakuli la kabureta. Takataka na maji huziba vijitundu vya petroli. Lisafishe mahali pa wazi, mbali na moto, taa na sigara.

5. Kusawazisha. Hayo yote yakiwa sawa na dalili zingalipo, endesha dakika 10 injini ipate moto, kisha izime. Tafuta skrubu ndogo ya mchanganyiko. Ikiwa upande wa injini, kuikaza hupunguza petroli. Ikiwa upande wa chujio, kuikaza hupunguza hewa. Usikosee hapo, maana utafanya kinyume cha utakalo.

Kaza skrubu polepole mpaka iguse mwisho, ukihesabu mizunguko, na uiandike hesabu hiyo ili uweze kuirudisha ilivyokuwa. Usiikaze kwa nguvu, ncha yake isije ikaharibika. Ilegeze kwa hesabu ile ile, uwashe injini, kisha ugeuze robo mzunguko kila mara, ukingoja kidogo uisikilize. Mahali ingurumapo upesi na kwa utulivu kuliko pengine ndipo pafaapo. Mwisho, punguza ngurumo kwa skrubu ya mwendo, kwa kadiri iliyoandikwa katika kitabu cha pikipiki, uijaribu njiani na kuitazama plagi tena.

Skrubu hii hutawala mwendo mdogo tu. Kasoro ikionekana unapovuta mafuta nusu au yote, ni kazi ya sindano na jeti kubwa ya kabureta, mwachie fundi.

6. Mlima na bonde. Kadiri upandavyo, hewa huwa nyepesi: kwa kila mita 1,000 hupungua kwa sehemu 1 katika 10 hivi. Mkulima wa Lushoto, penye mita 1,400 hivi, ateremkaye Mombo, hushuka mita 1,000 hivi. Pikipiki iliyosawazishwa Mombo huwa nzito kidogo Lushoto, nayo hula petroli zaidi. Iliyopunguziwa petroli ili iende vema Lushoto huwa nyepesi ifikapo Mombo, na hiyo ndiyo hatari kubwa zaidi, hasa ikiwa imebeba mzigo mzito katika jua kali. Kwa hiyo msafiri wa mlima na bonde na asawazishe kwa ajili ya bonde, avumilie uzito kidogo mlimani. Hasara ya petroli kidogo yalipika kwa mavuno ya msimu mmoja. Pistoni iliyoungua huenda isilipike.