Mwili au Roho? Mzozo wa Zamani juu ya Ufufuo

Mnamo mwaka 177, mjini Lyon, Ufaransa ya leo, Wakristo kadhaa waliuawa kwa ajili ya dini yao. Wauaji hawakutosheka. Maiti ziliachwa wazi siku sita, zikachomwa, na majivu yakatupwa katika mto Rhône, ili watu hao wasiwe na tamaa ya kufufuka.

Lakini Wakristo wenyewe hawakuwa na kauli moja. Yapata mwaka 55 Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba unaozikwa ni mwili wa asili, nao unaofufuliwa ni wa kiroho. Maneno hayo yaliwagawa wanachuoni. Origen wa Iskandaria alifundisha kwamba mwili utageuka, kama mbegu igeukavyo mmea. Wengine walidai kwamba ufufuo ni wa roho tu. Tertullian wa Carthage aliwapinga: ni nyama hii hii, kwani aliyeiumba pasipo kitu hashindwi kuirudisha. Kanisa likashika ufufuo wa mwili.

Kwetu Waislamu mjadala huu si mgeni. Imam Ghazali naye, mwaka 1095, aliwajibu wanafalsafa waliokanusha kufufuliwa kwa miili. Basi majivu kutupwa mtoni hakumzuii Muumba.